Senema Majestic ya Vuga na picha za zamani: tukirudishiwa kuta, Jumapili nani atatuletea?

BintiVuga

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Unguja na Pemba, na mlioko mbali.

Nimerudi juzi kutoka Oakland, California, nilikokwenda kumuuguza dada yangu baada ya kujifungua. Ijumaa moja shemeji akasema, leo mtoto nabaki naye mimi, nyie nendeni mkatizame picha. Nikadhani tunakwenda kwenye zile senema za kisasa zilizo ndani ya maduka makubwa, vyumba kumi kila chumba na picha yake. Kumbe dada alikuwa na lake moyoni.

Jengo linaitwa Paramount. Unaliona tangu uko mbali: ukuta wa mbele umefunikwa vigae vya rangi kutoka chini mpaka juu, na juu yake wamo watu wawili wakubwa, mwanamme na mwanamke, wameshika nyuzi wanawachezesha wanasesere. Lilifunguliwa Disemba 1931, mchoraji wake Timothy Pflueger. Lina viti kama elfu tatu. Ukiingia ukumbi wa mwanzo, juu ya mlango kuna chemchemi ya vioo na taa, mwanga unapanda kama maji. Nilisimama nikasahau kutoa tiketi.

Jengo hilo lilikwisha kufa, jamaa. Lilifungwa 1970 kwa hasara. Mwaka 1972 likanunuliwa na kikundi cha wapiga muziki wa okestra wa mji ule kwa dola milioni moja, 1973 likafunguliwa tena limetengenezwa lilivyokuwa, na 1975 likakabidhiwa serikali ya mji kwa dola moja. Dola moja!

Lakini kilichonifanya niandike si jengo. Kabla ya picha alitoka mtu akapiga kinanda kikubwa cha mabomba, watu wakatulia. Ikaja katuni, zikaja habari za ulimwengu za enzi zile, kisha wakazungusha gurudumu la zawadi, namba yako ya tiketi ikitoka unapanda jukwaani. Tiketi yenyewe dola tano, na kwa Marekani hiyo ni bei ya kikombe cha kahawa. Ndipo ikaanza Casablanca ya 1942, nyeusi na nyeupe. Kuna pahala wakimbizi waliojaa mkahawani wanainuka kuimba wimbo wa taifa wa Ufaransa mbele ya maofisa wa Kijerumani. Wengi wa waigizaji wale walikuwa wakimbizi kweli, wamekimbia vita Ulaya. Ukumbi wote ukanyamaza. Bibi mmoja wa Kizungu niliyekaa naye bega kwa bega, simjui hanijui, akanipa kitambaa chake nifute machozi.

Kutoka hapo sijalala vizuri. Naifikiria Majestic yetu, ile senema kongwe ya Vuga, Unguja, iliyofungwa na kuachwa ikibomoka. Kila siku tunazungumza paa, kuta, wafadhili. Sawa. Lakini wale wa Oakland wamerudisha kitu zaidi: siku maalumu, saa maalumu, bei ya mtu wa kawaida, na watu wanaojua kuwa leo ni siku ya picha. Mie nasema sisi tuanze na hilo. Naombeni maoni.

Mchake

Waalaykum salaam dada. Umeandika vyema, ila nakukumbusha kuwa Pemba nako watu walitizama senema. Chake palikuwa na senema, Wete palikuwa na senema. Na shamba kulikuwa na gari la serikali linakuja na mashine yake, wanatandika kitambaa cheupe uwanjani. Baba yangu akihadithia kuwa waliotangulia walikaa mbele, waliochelewa walikwenda upande wa pili wa kitambaa wakaitizama picha kinyume, na wakaridhika nayo. Likizungumzwa jambo hili lisiishie Vuga.

BintiVuga

Umesema kweli kaka Mchake, na samahani. Nimeandika kwa hamu ya nyumbani kwetu.

MzeeWaMashine

Wanangu, hamjambo. Mimi sikuwa mwenye senema wala mpiga picha. Nilikuwa kijana wa kubeba mikebe na kufagia chumba cha mashine, baadaye nikafundishwa kuendesha. Nitaeleza niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Picha moja ilikuja kwa vipande ndani ya mikebe ya bati. Kila kipande, yaani rili, dakika ishirini hivi. Picha ya Kihindi ya saa tatu inaweza kufika rili tisa. Mashine zilikuwa mbili, moja inaonyesha na nyingine inasubiri. Sasa ukitizama kwa makini, rili ikikaribia kwisha, juu kwenye pembe ya kulia hutokea doa la duara, linamulika mara moja na kupotea. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Baada ya sekunde kama saba linatoka doa jengine. Hapo hapo unafunga jicho la hii unafungua jicho la ile. Ukichelewa, watu wanaona kitambaa cheupe, na filimbi zinaanza. Bwana mkubwa aliyenifundisha alikuwa hapepesi macho. Alinambia, doa hilo ndilo bosi wako, mimi si bosi wako.

Taa yetu haikuwa balbu. Zilikuwa fimbo mbili za mkaa, unazigusanisha kisha unazitenga kidogo, moto wa umeme unaruka baina yao, mweupe huwezi kuukodolea. Zinaliwa kidogo kidogo, lazima uzisogeze. Chumba kilikuwa joto, shati linalowa. Nikitoka usiku nanuka mkaa, mama akijua nimetoka kazini kabla sijafungua mlango.

Na pengine nakala ya picha ilikuwa moja na senema mbili zinaitaka siku moja. Rili ya kwanza ikishakwisha huku, kijana anaipakia kwenye baiskeli anakimbia nayo kule. Nilikimbia hivyo mara nyingi. Ukipata pancha, watu mia kadhaa wanakungoja wewe.

Picha zenyewe sikuzitizama hata siku moja kwa utulivu. Nilikuwa natizama pembe ya kulia.

Asumini_Mkunazini

Shikamoo mzee wangu! Nimesoma maneno yako nikamwita mume wangu nikamsomea kwa sauti.

Nami nina la bibi yangu. Wao walikuwa na siku ya wanawake peke yao. Walitoka na mabuibui yao, kundi kwa kundi, mtu na dada zake na mashoga zake, asumini kichwani, njugu ndani ya mkoba. Bibi anasema walianza kujitayarisha tangu asubuhi. Picha za Kihindi na za Kimisri ndizo walizozipenda. Kihindi hawakijui, lakini nyimbo wote walizihifadhi, na kuna mafundi wa nguo waliopelekwa kutizama makusudi, ili kesho yake washone kanzu yenye mkono kama wa Nargis, yule mwigizaji wa Kihindi. Na wenye taarab nao wakichukua sauti za nyimbo zile wanatia maneno ya Kiswahili. Bibi ukimwimbia wimbo wa harusi fulani anakwambia huu ni wa picha fulani, anakutajia na aliyekaa naye siku hiyo.

Kwa hiyo mkifungua Majestic msiwasahau wanawake. Iwepo saa yetu. Na isigongane na Magharibi.

MtuWaHesabu

Naheshimu kumbukumbu zenu lakini lazima mtu aseme. Majestic ile mnayoizungumza inataka pesa nyingi sana. Tuna skuli watoto wanasoma kwa zamu. Tuna mitaa ya Ng'ambo mvua ikinyesha watu wanalala juu ya meza. Vijana wanatizama picha kwenye simu, na wanachotaka si Raj Kapoor na waigizaji wa Kihindi wa zamani. Empire ya Darajani na Cine Afrique ya Malindi zilifungwa kwa sababu watu waliacha kwenda. Video zilipoingia, kila nyumba ikawa senema. Hilo hamtaligeuza kwa mapenzi.

BintiVuga

Kaka, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Mie sisemi pesa za skuli ziende senema. Nasema kama jengo linatengenezwa, na watu wa hifadhi wamelipigania kwa miaka, basi lisije likawa ukumbi wa harusi za wenye uwezo na tamasha mara moja kwa mwaka. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, nalipenda, tangu miaka ya 1990 linatuletea picha pale Ngome Kongwe, na usiku ule chini ya nyota sina wa kuulinganisha nao. Lakini siku zikimalizika, yanabaki majira marefu matupu.

Na kuhusu simu: mdogo wangu wa miaka 17 anatizama vipande vya nyimbo za zamani kila usiku. Anavitizama peke yake, chini ya shuka. Ndicho ninachokilalamikia.

FundiChokaa

Nichangie kwa upande wa ujenzi, maana watu wanachanganya. Nimefanya kazi Mji Mkongwe miaka mingi, tangu kabla ya UNESCO kuutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Ukuta ule unavuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji unauziba pumzi, maji yanabaki ndani, boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani. Unatizama nje nyumba nzuri, siku moja sakafu inashuka. Beit al-Ajaib iliyoanguka Disemba 2020 na kuua watu wawili imetufunza sote jinsi jengo la kale lisivyosubiri.

Majestic ni habari nyengine. Pale palikuwa na senema nyengine, Royal, ya miaka ya 1920, mchoro wa Mwingereza J. H. Sinclair. Ikaungua. Majestic ikajengwa hapo hapo 1955, na mchoraji wake alikuwa mtu wa hapa, Dayalji Pitamber Sachania. Ni zege na nondo, mistari mirefu, pembe za mviringo, mtindo wa zama zake. Adui yake ni chumvi. Upepo wa bahari unaingiza chumvi kwenye zege, nondo inaota kutu, kutu inavimba, inalipasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa unaokwenda sambamba na nondo, na rangi ya chai inatoka humo, ujue. Nilipoingia mara ya mwisho nilisimama katikati ya ukumbi nikaona mbingu. Hapo huwezi kufanya kazi ya kupaka rangi. Lazima upasue, usafishe nondo au ubadilishe, ujaze upya, na paa liwe la kwanza kabla ya chochote.

Fundi wa chokaa hawezi kazi hiyo na fundi wa saruji wa kawaida hawezi. Nasema hivi kwa kuwa nimeona majengo mengi mjini yakiharibiwa na haraka.

MtuWaHesabu

Ahsante Fundi. Sasa mnaona wenyewe gharama ninayoizungumza.

FundiChokaa

Naiona. Pia naiona gharama ya kuliacha. Jengo likianguka barabara ile, halichagui nani anapita.

Kijana_Michenzani

Mimi nina miaka 22, sijawahi kuingia senema maishani. Kweli. Nimetizama mpira kwenye vibanda, nimetizama picha kwenye laptopu ya rafiki. Hicho alichokisema dada, kulia pamoja na mtu usiyemjua, mimi nakijua kwenye mpira tu. Swali langu: kwa nini tungoje Majestic? Nina rafiki ana projekta, anakodisha kwenye harusi.

BintiVuga

Kijana, hili lako ndilo. Tuonane kwenye ujumbe wa pembeni.

MzeeWaMashine

Mkifanya, nijulisheni. Nataka nikae kwenye kiti.

Mchake

Na haki za wenye picha je? Msije mkaingia matatani. Kwa sheria ya India haki ya filamu hudumu miaka 60 tangu ilipotolewa, kwa hiyo zile za mwanzo wa miaka ya 1950 huko kwao zimekwisha kuwa za wote. Kwa hapa nendeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mkaulize kabla, jibu mlipate kwa maandishi.

BintiVuga

Tumekwenda, kaka Mchake, tumepata maelekezo. Ahsante kwa kutukumbusha mapema.

(wiki tatu baadaye)

BintiVuga

Jamaa, tumeonyesha. Jumapili iliyopita, baada ya Isha, uwani kwetu, picha ya Kihindi Awara ya 1951.

Nieleze tangu mwanzo. Shuka tuliyotundika ilikuwa ya kitanda kikubwa, nyeupe, mama aliipiga pasi mara mbili. Upepo wa kusi ukaingia uwani, na uso wa Nargis ukawa unakunjika na kukunjuka kama kanga kwenye kamba. Watoto wakaanza kucheka. Fundi wetu (ndiyo, FundiChokaa alikuja) akamwomba mama sindano, akashona pindo chini ya shuka hapo hapo, akalijaza mchanga wa baharini uliokuwepo kwenye ndoo ya mauwa. Shuka ikatulia wima. Dakika kumi tu, na hakuna aliyeondoka.

Tulitarajia watu kumi na tano. Walikuja zaidi ya arobaini. Waliochelewa walikaa kwenye ngazi, wengine barzani wakichungulia mlangoni. Asumini_Mkunazini alikuja na bibi yake.

Nataka niseme habari za bibi huyu. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, haoni ila mwanga. Tulimweka mbele tukidhani hatofaidi kitu. Picha ilipoanza, jaji akiwa mahakamani, bibi akauliza, "Huyo anayenena ni baba mtu?" Tukasema ndiye. Akasema, "Basi subirini, huyu alimfukuza mkewe na mimba tumboni." Na kweli ikaja. Tangu hapo watoto wote wakamhamia. Nyimbo zikikaribia anaanza kuziguna yeye kabla hazijaanza, ule muziki wa Shankar na Jaikishan, na kidole chake kinapiga goti. Alipofika mwimbaji Lata kwenye ule wimbo mrefu wa ndotoni, bibi akavua mtandio akaufunika usoni na kuimba wote, kwa maneno ambayo si Kihindi wala si Kiswahili, lakini sauti haikukosea pahala.

Mdogo wangu wa simu, yule niliyewaambia, alikaa miguuni pake saa tatu nzima. Simu ilikuwa mfukoni. Nimeichunga.

Umeme ulikatika mara moja, karibu na mwisho, kesi ya kijana imesimama na Rita, mpenzi wake, anamtetea. Robo saa kiza kitupu. Watu walibaki. Kahawa ikapita, kashata zikapita, na wazee wakaanza kubishana kama hakimu atamkubali mwanawe au hatomkubali, na wao picha wanaijua! Umeme uliporudi hakuna aliyesema maneno mpaka mwisho.

MzeeWaMashine

Nilikuwepo. Sina mengi. Nimeitizama Awara kwa mara ya kwanza, baada ya kuionyesha sijui mara ngapi. Sikujua kuwa baba na mwana wale ni baba na mwana kweli, Prithviraj na Raj Kapoor, mpaka kijana mmoja aliponieleza Jumapili. Sasa najua kwa nini watu walikuwa wanatoka kimya.

Mara mbili tatu macho yalikwenda pembe ya kulia yenyewe. Nikayarudisha.

Kijana_Michenzani

Wenzangu wanane wa maskani wanataka kuja. Mmoja ameniuliza kama Mother India ni nzuri. Nimemwambia aje aione.

MtuWaHesabu

Nilikuja na mimi, nilisimama nyuma sikujitambulisha. Msimamo wangu kuhusu pesa za Majestic uko pale pale, nataka kuona hesabu iliyo wazi kabla ya senti kutoka. Lakini mama yangu tangu baba afariki hajatoka nyumbani usiku. Kama Jumapili mnaendelea, nitamleta. Anapenda picha za Kimisri.

Asumini_Mkunazini

Mlete, kaka. Atakaa na bibi.

Na wanawake tumekubaliana, Jumapili ya mwisho ya kila mwezi ni yetu peke yetu, alasiri, nyumbani kwangu Mkunazini. Chumba nitakitia kiza kwa mapazia mazito.

Mchake

Kuna skuli Chake ina ukumbi na feni zinafanya kazi. Nimezungumza na mwalimu mkuu, amekubali tujaribu mara moja. Projekta tunayo, shuka tunayo. Nitumieni maelezo ya lile pindo la mchanga.

FundiChokaa

Pindo liwe upana wa vidole vinne. Shona mara mbili, mshono wa pili karibu na wa kwanza. Mchanga ukaushe juani kwanza, ukiwa na unyevu utaoteza ukungu kitambaa. Usijaze pomoni, acha nafasi kidogo ili shuka iweze kukunjwa. Kwenye pembe mbili za juu tia kamba, zifunge kwa mshazari, si moja kwa moja juu, ndiyo makunyanzi yataondoka.

BintiVuga

Jumapili hii ni Mother India ya 1957, saa mbili na nusu usiku, uwani. Hakuna kiingilio. Tunapungukiwa mikeka sita au saba, na kiti kimoja chenye mgongo kwa ajili ya bibi, maana kile cha juzi kilimuumiza kiuno. Mwenye navyo anijulishe kabla ya Ijumaa, kaka Michenzani atapita na gari ya mkono kuvichukua.